Ukifika Hamburg, Salimia Mara Moja

Mgeni kutoka kwetu anaposhuka Hamburg, kinachomsumbua kwanza mara nyingi si baridi bali uchache wa maneno. Anaingia duka la mikate, muuzaji anamwambia "Moin," kisha anamtazama akingoja aagize. Hakuna za nyumbani, hakuna za safari, hakuna za watoto. Mgeni anajiuliza amekosa nini. Hajakosa kitu. Katika mji huu wa bandari, kaskazini mwa Ujerumani, adabu kubwa ni kutompotezea mwenzio wakati na kutomwachia kazi ya kukisia unataka nini. Sema unachotaka, sema idadi, sema unalipa kiasi gani, na ufike saa mliyopatana. Ukianza hapo, mambo mengi yanayoonekana ya ukavu utayaelewa.

Hamburg na Dar es Salaam ni miji dada tangu 2010, na wanafunzi, walimu na maofisa wamekuwa wakitembeleana. Haya ni kwa ajili yao, na kwa yeyote anayepita huko kumsalimia ndugu au kutazama meli.

Salamu

"Moin" husemwa asubuhi, mchana na usiku. Jibu lake ni "Moin." Wapo wenyeji wa zamani wanaotania kwamba anayesema "Moin moin" tayari ni mpayukaji, kwa hiyo moja inatosha. Hata hivyo usiiache: ukiingia duka dogo au chumba cha kungojea daktari, wasalimie waliomo, kisha kaa kimya. Ukiondoka, "Tschüs." Usimwulize keshia hali yake. Swali hilo huulizwa mtu unayemfahamu, naye huweza kukujibu kweli kwamba mgongo unamuuma.

Usiyemjua mwite "Sie," hata akiwa mdogo kwako, naye atakuita hivyo hivyo. Hapa tofauti na shikamoo ni kubwa, kwa sababu heshima hii haifuati umri, inakwenda na kurudi sawa. "Du" ni ya marafiki, watoto, na baa za vijana, ngoja uanzwe. Hamburg ina desturi yake ya katikati, ambapo watu wa kazini huitana kwa jina la kwanza lakini wakabaki na "Sie." Ukiisikia, fuata.

Unapopeana mkono, mtazame mtu machoni. Tuliolelewa kuinamisha macho mbele ya wakubwa tunaweza kuonekana kama tunaficha jambo. Na usikasirike ukirudishiwa chenji kwa mkono wa kushoto. Huko mkono wa kushoto hauna kosa, na mezani ndio unaoshika uma.

Kiingereza kinasikika karibu kila mahali mjini, lakini usikianzishe kama haki yako. "Moin, sprechen Sie Englisch?" ni sentensi ya kukariri kwenye ndege. Nyingine ni "Entschuldigung," ya kuomba njia na ya kuomba radhi pia. Neno ni refu, ila hata ukilivunjavunja wataelewa.

Mitego miwili ya asante

Mtu akikuuliza kama unataka kahawa zaidi, nawe ukajibu "Danke" peke yake, anaweza kuchukua kwamba umekataa. Ukitaka, sema "Ja, bitte" au "Bitte" tu. Watu wa pwani hawatashangaa sana, maana ukipita penye wanaokula ukaambiwa karibu, unajibu "starehe" na kila mtu anajua hutakaa.

Mtego wa pili unagusa mfuko. Bili ni euro 27.40. Unampa mhudumu noti ya 50, unatabasamu na kusema "Danke." Anaweza kuelewa kwamba chenji yote ni yake, na wewe umebaki umekodoa macho. Ngoja upewe chenji ndipo ushukuru.

Namna ya kulipa ndiyo inayowachanganya wageni kuliko chakula chenyewe, kwa hiyo tuifuate hatua kwa hatua. Kwanza, bili haiji mpaka uiombe. Unaweza kukaa saa nzima na kikombe kitupu wala hutafukuzwa. Kuleta bili bila kuombwa kungekuwa ndiko kukufukuza. Mtazame mhudumu, inua mkono kidogo, sema "Zahlen, bitte." Usipige mluzi, usigonge vidole. Pili, atauliza "Zusammen oder getrennt?", yaani mnalipa pamoja au kila mtu chake. Kulipa kila mtu chake si ubahili. Mhudumu atasimama pale akihesabu soda yako na supu ya mwenzio, bila kuona taabu. Tatu, bakshishi haiachwi mezani, inasemwa. Kwa ile 27.40 mwambie "Dreißig," yaani 30, naye atakurudishia 20 kutoka noti yako ya 50. Ukilipa kwa kadi, taja jumla hiyo kabla hajaingiza kiasi kwenye mashine. Ukiwa umetoa kiasi kamili pamoja na bakshishi ndani yake, sema "Stimmt so." Asilimia tano hadi kumi inatosha, kwenye kahawa moja, kamilisha euro tu. Na tembea na pesa taslimu, kwa sababu vipo vibanda na migahawa yenye kibao cha "Nur Barzahlung," ambapo kadi haisaidii.

Kuna jambo linaloharibu urafiki hapa. Kwetu anayesema "twende tukale" ndiye anayelipa, au angalau ndiye anayeanza kugombea bili. Mjerumani akikuambia "Wollen wir essen gehen?" amekualika kwa mazungumzo, chakula utajilipia. Akisema "Ich lade dich ein," hapo ndipo analipa yeye. Sikiliza kitenzi kabla ya kuagiza kamba wakubwa.

Samaki, nguruwe na maji yasiyo maji

Hamburg ni mji wa samaki, na chakula chake cha mkononi ni Fischbrötchen, mkate mdogo mgumu uliojazwa samaki na vitunguu. Vibanda viko Landungsbrücken, kwenye gati za mto Elbe. Kabla hujaonyesha kidole, jua kilichomo. Matjes ni heringi mchanga aliyekolezwa chumvi. Hakupikwa, ni laini na mwenye mafuta. Bismarck ni heringi aliyelowekwa kwenye siki. Backfisch ni wa kukaangwa ndani ya unga, naye ndiye wa kuanza naye kama tumbo lako halijazoea samaki mbichi. Ila uliza kuhusu huo unga, maana wapo wanaouchanganya na bia.

Usidhani kwamba aliyeagiza samaki amemwepuka nguruwe. Finkenwerder Scholle, samaki bapa maarufu wa mji huu, hukaangwa pamoja na vipande vya Speck, nyama ya nguruwe iliyokaushwa. Viazi vya kukaanga, Bratkartoffeln, mara nyingi vinayo. Hata sahani ya maharagwe machanga na mapeasi, ambayo jinsi inavyosikika ni ya mboga, jina lake kamili linamalizikia na Speck. Uliza "Ist da Schwein drin?", na kwa pombe, "Ist da Alkohol drin?" Hakuna atakayenuna, kwani Wajerumani wenyewe huhoji chakula chao kwa undani wa kutisha. Ukitaka kula bila maswali mengi, toka stesheni kuu upande wa St. Georg uifuate barabara ya Steindamm, yenye migahawa ya Waturuki, Waafghani na Waarabu. Halali huandikwa mlangoni.

Labskaus ni suala la moyo. Ni nyama ya ng'ombe ya chumvi iliyopondwa pamoja na viazi, mara nyingi na bitiruti pia, ikawa uji mzito wa rangi ya waridi, juu yake yai la kukaanga, pembeni heringi. Ni chakula cha mabaharia wa zamani na kinaonekana hivyo. Ladha yake ni nzuri kuliko sura, lakini sitamlazimisha mtu. Franzbrötchen ni mambo mengine: andazi lililobanwa, lenye siagi na mdalasini, na aliyekulia karibu na karafuu na iliki atalielewa mara ya kwanza.

Kuhusu vinywaji, Alsterwasser si maji. Mto na ziwa la Alster viko katikati ya mji, lakini kinywaji chenye jina hilo ni bia iliyochanganywa na soda ya limau. Asiyekunywa pombe aagize Apfelschorle, maji ya tofaa yenye gesi. Maji ya kawaida ukiyaagiza yatakuja na gesi usiposema "still," na yatalipiwa. Maji ya bomba ni salama kabisa, ila ukiyaomba mgahawani usishangae ukikataliwa au kutozwa. Jaza chupa yako hotelini.

Mezani, ngoja kila mtu apate sahani yake na mtu aseme "Guten Appetit." Mikono yote miwili ikae juu ya meza, viganja vionekane. Wanapogonganisha glasi wanasema "Prost" na kutazamana machoni, mmoja mmoja. Hata glasi yako ikiwa ya tofaa, tazama. Ukimaliza, laza kisu na uma sambamba. Mgahawa ukijaa, unaweza kuuliza "Ist hier noch frei?" na kukaa meza moja na wageni wasiokujua. Ukishakaa, huna wajibu wa kuzungumza nao, nao hawana wajibu kwako.

Saa

Ukiambiwa "halb acht," usifike saa mbili unusu. Acht ni nane ya saa ya kizungu, na halb acht ni nusu ya kuiendea hiyo nane: saa moja unusu. Waliosoma Kiingereza cha Uingereza ndio wanaonaswa zaidi, wakafika saa nzima baadaye. Omba waandike. Wataandika 19:30, na hapo hakuna mjadala. Dakika tano za kuchelewa, tuma ujumbe. Ukialikwa nyumbani usifike mapema pia, kwa sababu mwenyeji bado anafuta meza. Zunguka mtaa kidogo. Peleka maua au chokoleti, na uliza mlangoni kama viatu vinavuliwa. Mwaliko wa "Kaffee und Kuchen" ni wa alasiri, saa tisa au kumi, na keki hailiwi kwa kuonja tu.

Jumapili maduka makubwa hufungwa. Nunua mahitaji yako Jumamosi, au tegemea maduka ya stesheni kuu. Kama umepanga nyumba, siku hiyo usitoboe ukuta, usitupe chupa kwenye mapipa ya glasi, na kila siku punguza sauti kuanzia saa nne usiku. Jirani hatakuja kukuomba kwa upole mara tatu.

Lakini Jumapili hiyo hiyo, kwenye Fischmarkt ya St. Pauli, ukimya wote wa mji unavunjwa. Soko hili liko tangu 1703. Wakati wa joto hufunguliwa saa kumi na moja alfajiri, wakati wa baridi saa moja, na hufungwa saa tatu unusu. Wauzaji hupiga kelele, hutania wateja, hurundika samaki au matunda kwenye mfuko na kushusha bei mbele ya watu. Aliyezoea mnada wa samaki wa Feri, Dar es Salaam, atajisikia nyumbani, ila hapa muuzaji ndiye anayefanya maigizo. Mteja hapatani bei sana, anasubiri ishuke. Nenda mapema, au nenda karibu na kufunga kwa bei za mwisho.

Njiani

Kwenye ngazi za umeme simama kulia, kushoto ni kwa wenye haraka. Njia ya baiskeli, mara nyingi ya matofali mekundu, si ya miguu, na kengele utakayoisikia si salamu. Taa nyekundu ya waendao kwa miguu ingoje hata kama barabara ni tupu, hasa pakiwa na watoto. Wazazi watakukaripia bila aibu. Tiketi ya treni ni lazima ingawa hakuna geti, na wapo wakaguzi wanaovaa nguo za kawaida. Faini ni euro 60 na ugeni si utetezi. Tiketi hiyo hiyo ya mji inakupandisha feri namba 62 kutoka Landungsbrücken hadi Finkenwerder, kati ya meli za makontena, kwa hiyo fikiri kabla ya kulipia boti za watalii.

Chupa za plastiki na makopo yana amana ya senti 25, unayorudishiwa kwenye mashine ya supamaketi. Ukiona uvivu kurudisha chupa, usiitumbukize ndani ya pipa la barabarani. Isimamishe pembeni, kuna watu wanaookota wakaishi kwa hizo senti.

Siku ya kurudi, treni ya S1 ya uwanja wa ndege hukatwa vipande viwili kituo cha Ohlsdorf. Mabehewa ya mbele huenda uwanjani, ya nyuma huenda Poppenbüttel. Soma kibao cha jukwaani kabla ya kupanda, na buruta sanduku lako hadi mbele.