Mkeka Ukichanika, Usikimbilie Kulipa Deni

Kwa familia yenye mtu aliyezama kwenye kubeti

Chukua mkeka, yaani tiketi ya kubeti, wa mechi nane. Tuseme kila timu iliyochaguliwa ina nafasi 70 kati ya 100 za kushinda, yaani ni timu kali kweli. Mwenye mkeka anaona hela hiyo inakuja. Ila zote nane lazima zitiki pamoja, na ukizidisha nafasi hizo, mkeka mzima unabaki na nafasi kama 6 tu kati ya 100. Na karibu mara 20 kati ya 100 utachanwa na mechi moja peke yake. Hapo ndipo mtu husema, "Nilikosa kidogo tu," akaweka mwingine. Kukosa kwa mechi moja na kukosa kwa mechi sita ni hasara ileile, lakini akili ya aliyenogewa haihesabu hivyo.

Michezo ya kubeti ya kindege kwenye simu na mashine za sarafu ina hatari zaidi, kwa sababu raundi huisha kwa sekunde chache. Mechi ya mpira angalau inakupa dakika 90 za kupoa.

Ni tabia mbaya au ni ugonjwa?

Wengi wanaobeti hawaumwi. Anayeumwa ni yule ambaye ameshindwa kujizuia, kamari imetangulia mbele ya kazi, watoto na usingizi, na anaendelea ingawa anaona inavyombomoa. Katika mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika 2022, uraibu wa kamari umewekwa kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Zipo hata dawa za ugonjwa wa Parkinson zinazoweza kumwamshia mtu hamu ya kamari ambayo hakuwa nayo. Mzee wenu akianza kubeti ghafla baada ya kupewa dawa hizo, mwambieni daktari, na msizikatishe wenyewe.

Nyumbani haonekani mtu mlevi wala hakuna harufu ya bangi. Kinachoonekana ni simu inayolazwa kifudifudi, ujumbe wa mikopo ya simu unaofuatana, ada iliyolipwa nusu, na hasira siku za ligi.

Deni

Kosa letu kubwa kwenye familia hutokana na huruma. Mama anauza mbuzi, kaka anakopa kwenye kikoba, deni linafutwa usiku mmoja, kijana anaapa kwa Mungu hatarudia. Wiki mbili baadaye wadai wamenyamaza, na akaunti ya kubeti bado iko wazi. Kumlipia namna hiyo ni kumwongezea mtaji. Najua ni maneno makali kwa mzazi.

Kaeni naye kwanza, saa isiyo na mechi. Mke anaweza kuanza hivi: "Baba Asha, nimeona ujumbe wa mikopo. Sijaja kugombana. Nataka tujue tunadaiwa na nani, kiasi gani." Andikeni kila deni kwenye daftari. Kiasi kinachotajwa siku ya kwanza mara nyingi si chote, kwa hiyo mwachieni mlango wa kutaja yaliyobaki bila kumwita mwongo. Kisha ongeeni na wadai walipwe kidogo kidogo. Ndugu anayetaka kusaidia ampelekee hela mwenye nyumba au shule moja kwa moja, isipitie kwenye simu ya anayebeti.

Baada ya hapo, iwekeni hela mbali naye kwa makubaliano. Mtu mmoja anayeaminika ashike mshahara au mauzo ya duka kwa miezi kadhaa. Ajitoe kwenye huduma za kukopa kwa simu kama Fuliza na Songesha, na kwenye programu za mikopo. Aombe kufungiwa akaunti katika kila kampuni aliyojisajili, maana kufuta programu kwenye simu pekee hakutoshi: huirudisha kwa dakika mbili. Uingereza wana GAMSTOP, iliyoanza 2018, ambako mtu akijisajili mara moja hufungiwa na kampuni zote za mtandaoni zenye leseni nchini humo.

Wanaosaidia

Huko huko Uingereza, shirika la hisani la GamCare, lililoanzishwa 1997, huendesha simu ya bure saa 24, na hupokea pia wake, waume na wazazi wa wanaobeti. Naona hilo ndilo jambo lao la kuigwa zaidi, kwani mke anaweza kupata ushauri hata kabla mume hajakiri lolote. Gamblers Anonymous, iliyozaliwa Los Angeles mwaka 1957, hukutanisha waraibu wenyewe bila kiingilio, na mikutano yake mingine hufanyika kwa intaneti. Ushauri nasaha unaomfundisha mtu kuzijua fikra kama ile ya "nilikosa kidogo" na kuzijibu umesaidia wengi.

Kenya, simu ya bure ya Msalaba Mwekundu ni 1199. Hospitali kama Mathari ya Nairobi na Mirembe ya Dodoma hutibu uraibu. Anzeni na kituo cha afya kilicho karibu.

Akisema bora afe

Msichukulie kuwa ni maneno ya hasira. Madeni na aibu ya kamari vimewaua watu. Muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizi wazo hilo. Asiachwe peke yake, dawa za kuulia wadudu zitolewe nyumbani, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Akirudia

Wengi huteleza. Badala ya kikao cha ukoo cha kumsuta, ulizeni hela ilipita wapi: nani alimpa namba ya siri, ilikuwa siku ya mshahara, ni laini ya pili ambayo hamkuijua? Zibeni hapo, mrudi kwenye daftari la madeni mlipoishia.