Kichwa Kikiuma Mlimani, Usiendelee Kupanda

Jumatatu moja asubuhi kijana wa miaka 26, karani wa benki hapa Nairobi, aliletwa kwangu na rafiki zake. Alikuwa akikohoa, na kupanda ngazi chache za kliniki kulimfanya aheme. Wenzake walidhani ni nimonia.

Walikuwa wameondoka mjini Ijumaa, wakalala Met Station katika Mlima Kenya, na Jumamosi wakafika kambi ya Mackinder wakiwa na mizigo mgongoni. Jioni hiyo kichwa kilianza kumuuma na chakula kikamshinda. Alimeza tembe za malaria, kisha saa nane za usiku akafuatana na wengine kuelekea kilele cha Lenana. Hakufika. Kulipopambazuka hakuweza kupiga hatua kumi bila kusimama. Kilichomwokoa ni kwamba kiongozi wao alimteremsha papo hapo.

Hakuwa na malaria. Mapafu yake yalikuwa yameingia maji kwa sababu alipanda haraka kuliko mwili unavyoweza kuzoea.

Je, kwa nini hali hii hutokea? Kadiri unavyopanda, hewa huwa nyepesi. Lenana iko mita 4,985 juu ya usawa wa bahari, na huko kila pumzi hukupa oksijeni zaidi kidogo tu ya nusu ya ile ambayo mtu wa Mombasa hupata. Mkazi wa Nairobi, aliyezoea mita 1,700 hivi, asijidanganye kwamba amekingika. Wala nguvu za mwili hazisaidii. Vijana wanaocheza mpira kila jioni ndio mara nyingi huugua, maana ndio wanaokimbia mbele.

Kwetu uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo tunabeba mizigo kwa ajili ya kilele tu. Lakini kule Colorado, Marekani, wawindaji hufuata elki, mnyama wa jamii ya paa aliye mkubwa kama farasi, hadi zaidi ya mita 3,000, hema na chakula vikiwa mgongoni. Wengi hutoka majimbo ya tambarare, nao hupatwa na maradhi haya haya.

Dalili za kwanza ni kuumwa na kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu, uchovu na kukosa usingizi, kwa kawaida saa chache baada ya kufika juu. Ukiwa mlimani, hesabu kwamba kichwa kinachouma ni cha mlima mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kaa hapo ulipo, pumzika, na usipande hata mita moja mpaka upone. Ikiwa hupati nafuu, shuka.

Hatari kubwa ni mbili. Ya kwanza ni mapafu kujaa maji: mtu huhema hata akiwa ameketi, hukohoa, na pengine hutoa povu lenye rangi ya damu. Ya pili ni ubongo kuvimba. Mwambie mgonjwa atembee kwa mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akiyumba kama mlevi, au akizungumza maneno yasiyoeleweka, ateremshwe usiku huo huo bila kungoja asubuhi, wala asiachwe ashuke peke yake.

Madaktari hushauri kwamba ukipita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Sasa piga hesabu. Met Station iko mita 3,050, Mackinder mita 4,200. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho kwa siku moja! Safari ya wikendi, ninavyoiona mimi, haifai. Ongeza siku mbili, na ukiweza tembea juu mchana kisha urudi kulala chini. Pombe na dawa za usingizi ziache mjini.

Ipo dawa ya kinga, asetazolamaidi, ambayo huanzwa siku moja kabla ya kupanda. Muone daktari akuandikie, na umwambie ikiwa dawa za salfa hukudhuru. Haikupi ruhusa ya kuendelea ukiwa mgonjwa.

Mwenye ugonjwa wa selimundu asipande kabisa. Wale waliorithi chembe hiyo kutoka kwa mzazi mmoja, na ni wengi Nyanza, Magharibi na Pwani, huenda wakaumia wengu huko juu hata kama hawajawahi kuugua. Wapimwe damu kwanza. Wenye ugonjwa wa moyo, upungufu wa damu, na akina mama wajawazito nao wapate ushauri.

Na wapagazi je? Nao huugua, ingawa wengi hunyamaza wakihofia kukosa malipo. Jioni, mkishafika kambini, waulize kama wamekula na kama vichwa vinawauma.