KUOMBA NAFASI KATIKA CHUO CHA BIASHARA: DOSIE, MASWALI, NA JIBU LINALORUDI

Wenzetu wa la tano na la sita,

Tuliahidi somo hili tangu mwezi uliopita. Mashini ilikosa wino, kiisha stensili ya kwanza ikapasuka, basi tusameheane. Tunasema "la sita" kwa mazoea; wengine siku hizi wanaandika "la nne la humanite", ni kalasi ile ile.

Kila mwaka tunaona jambo moja. Siku matokeo ya Egzeta yanapotoka, tunamwagiana poda kichwani, tunaimba mpaka usiku. Wiki tatu zinapita. Halafu mtu anapanda pikipiki, anapita Gety, anapita Bogoro, anafika Bunia na vumbi mpaka kwenye meno, anaingia apariteri, anaulizwa maswali mawili tu, na anarudi Aveba akisema: "Walinikataa." Tukimuuliza walimkataa kwa sababu gani, hajui. Sisi wasimamizi wa wanafunzi tulikaa na wakubwa watatu waliopita njia hiyo kabla yetu, tukaandika waliyotuambia. Tunaongeza na mawazo yetu wenyewe, maana mwaka huu ni zamu yetu.

WAPI?

Zamani swali hili lilikuwa gumu kuliko leo. Chuo kikuu cha kwanza hapa kwetu Kongo, Lovanium, kilifunguliwa Kinshasa mwaka 1954. Makanisa ya Kiprotestanti yalianzisha chao Kisangani mwaka 1963. Mwaka 1971 Serikali ikakiunganisha na vingine kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, na mwaka 1981 vikaachana tena. Mtoto wa Walendu Bindi aliyetaka kusoma uchumi alipaswa kwenda mbali namna hiyo.

Leo Bunia yenyewe ina nafasi. Kuna Université de Bunia, ambayo zamani ilikuwa tawi la Kisangani. Kuna Université Shalom, iliyoanza mwaka 1961 kama chuo cha theolojia na kupata jina lake la sasa mwaka 2007; ndani yake kuna masomo ya administrasioni na jestioni. Mbali kidogo, Beni kuna UCBC, iliyofunguliwa mwaka 2007, wanakosoma kwa Kifaransa na Kiingereza. Goma kuna ULPGL ya Waprotestanti tangu 1985, lakini Januari 2025 mji ule uliangukia mikononi mwa M23, na kwa wazazi wetu njia hiyo si ya kuhesabu kwa urahisi. Ng'ambo ya Ziwa Albert kuna chuo cha biashara cha Makerere, pale Nakawa, Kampala, kilichoundwa mwaka 1997. Huko masomo ni kwa Kiingereza, na diploma yetu inapaswa kwanza kupimwa ili ilinganishwe na ya kwao. Anayetaka huko aanze mwaka mzima mbele.

Tena mjue: siku hizi ni LMD, iliyoanza katika nchi yetu mwaka wa masomo 2021-2022. Zamani mtu alisoma graduat miaka 3, kiisha licence miaka 2. Sasa licence ni miaka 3, na master miaka 2. Mzazi akisikia "licence" anafikiri ni miaka 5 ya zamani. Mwelezeni mapema, kabla hajakasirika au hajafurahi bure.

Na mtu wa pedagogia asiogope. Kwa kawaida hata yeye anaweza kuomba jestioni. Atatoka jasho katika kontabilite miezi ya kwanza, basi.

DOSIE

Hapa hatutakawia. Barua ya kuomba, iliyoandikwa kwa mkono safi. Biltini za la tano na la sita. Diploma ya Serikali. Na kwa kuwa diploma yenyewe inaweza kuchelewa sana, cheti kinachoshuhudia kwamba ulishinda. Cheti cha kuzaliwa, cha mwenendo mwema, cha afya. Picha za pasipoti. Kila chuo kinaweza kuongeza kitu, kwa hiyo uliza kwanza kwa simu au kwa mtu anayekaa Bunia. Angalia pia kama jina lako limeandikwa namna moja katika karatasi zote. Mmoja wa wakubwa wetu alipoteza siku nne kwa ajili ya herufi moja.

Asilimia: kushinda Egzeta ni kuanzia 50, lakini mahali pengine wanataka zaidi kwa masomo ya uchumi, au wanakupa mtihani wa kuingia. Uliza kabla ya kulipa feza ya dosie, si baada.

MASWALI

Sasa ndilo neno lenyewe. Si kila chuo kinaita watu kwa mahojiano, lakini kinachoita hakikuiti kukutisha. Kuna walimu wawili au watatu mezani. Unasalimu, unangoja kuambiwa ukae. Unajibu kwa Kifaransa, polepole. Kifaransa kidogo kilicho sawa ni bora kuliko kingi kinachoanguka njiani.

Swali la kwanza ni hili siku zote: kwa nini biashara?

Tulifanya jaribio katika kalasi yetu. Karibu wote tulijibu: "Ninataka kusaidia nchi yangu kuendelea." Mwalimu wetu wa kontabilite akasema: "Mzuri. Sasa mtu wa pili atasema nini? Na wa tatu?" Tukanyamaza. Wengine walijibu kwamba papa ndiye alichagua. Hilo ni kweli, lakini papa hatakaa pale kwenye kiti.

Tulipotafuta jibu lililo letu wenyewe, tulilikuta sokoni. Chukueni mfano huu, na bei ni za kutunga tu. Mama ananunua maharagwe nusu gunia huku kwetu, franga 100.000. Pikipiki mpaka Bunia, 30.000. Bariere za njiani, 6.000. Mtu wa kubeba, 2.000. Anauza kwa 145.000. Anarudi nyumbani na furaha: "Nimepata 45.000!" Lakini fanyeni hesabu: 100.000 na 30.000 na 6.000 na 2.000 ni 138.000. Alichopata ni 7.000, kwa siku tatu za kazi, na chakula chake cha njiani hatujakihesabu. Akikula kwa 7.000 amefanya kazi bure. Mvua ikiharibu barabara na motari akiomba 40.000, ameingia katika hasara, na bado anafikiri anafanya biashara.

Mwanafunzi wa kommersiali anaweza kwenda mbele zaidi. Kongo iliingia OHADA mwaka 2012, na kwa hiyo tunafuata mpango wa hesabu wa SYSCOHADA, si ule wa Kongo wa mwaka 1976. Maharagwe yaliyonunuliwa yanaingia akaunti 60, pikipiki akaunti 61, maharagwe yaliyouzwa yanaingia kalasi ya 7. Na bariere isiyotoa risiti tunaiandika wapi? Tulimuuliza mwalimu. Alicheka, akafunga kitabu.

Kule Marekani, chuo cha biashara cha Harvard, kilichoanzishwa mwaka 1908, kinajulikana kwa kufundisha hivyo hivyo: wanapewa habari ya kazi moja ya kweli, na namba zake, wanaambiwa waseme wangefanya nini. Basi mwenye kuuza maharagwe na mama yake tangu utoto ana kitu cha kusema mbele ya kamati yoyote. Shida yetu ni kwamba tunaona haya. Tunafikiri chuo kinataka habari za benki na kompyuta, tunaficha gunia la mama.

MIAKA ISIYO NA BILTINI

Swali hili ndilo wengi wanaliogopa, ingawa hawasemi. Katika kalasi yetu kuna wenye miaka 18, kuna wa 20, kuna wa 22. Wote tunajua sababu. Vijiji vilikimbia, shule ikafungwa, watu wakakaa kwa jamaa au katika kambi, kiisha wakarudi na kuanza tena pale walipoacha.

Mkubwa mmoja wa hapa, hatutamtaja yeye wala chuo, alituambia yaliyompata mara ya kwanza.

— Hapa kuna miaka mbili hakuna biltini. Ulikuwa wapi?

— Nilikuwa mgonjwa, papa.

— Pole. Ugonjwa gani? Karatasi ya hopitali iko wapi?

Pale ulimi ukakauka. Akataja ugonjwa mmoja, kiisha mwingine. Jina lake halikutoka kwenye valvu, ule ubao wanapobandika majina. Mwaka uliofuata akaenda mahali pengine, na swali likarudi lile lile.

— Tulikimbia vita, papa. Kalasi ilifungwa. Mimi nilikuwa nauza mafuta ya pikipiki ku chupa, kando ya barabara.

— Ku jerikani moja ya litri 20 ulikuwa unatosha chupa ngapi za litri?

— Kumi na tisa, papa. Ingine inamwagika, ingine inakauka na jua.

— Na bei ya chupa, uliiweka kwa kuhesabu chupa 20 ao 19?

Akasema mwezi wa kwanza alihesabu 20 na feza ya kununua jerikani nyingine ikapungua, ndipo akajua. Walimu wakaanza kuzungumza naye juu ya ile chupa moja, na muda ukaisha hivyo. Leo yuko mwaka wa pili.

Kuna wenzetu ambao jibu lao ni zito kuliko hilo. Walikuwa porini, na si wote walikwenda kwa kupenda. Tarehe 28 Februari 2020, pale Gety, FRPI na Serikali walitia sahihi mapatano. Lakini karatasi ile haikurudisha biltini za mtu. Sisi hatuna haki ya kuwaambia waseme nini. Tulibishana sana kabla ya kuandika maneno haya, na mmoja wetu alitaka tuyaondoe. Tunafikiri hivi: kamati inauliza juu ya masomo. Unaweza kusema, "Miaka ile sikusoma kwa sababu ya vita. Nilirudi shuleni mwaka fulani, na biltini zangu tangu pale ni hizi," na kunyamaza. Kunyamaza si uongo. Lakini kununua biltini ya kujaza pengo ni uongo, na ikigunduliwa hata baada ya miaka mitatu unafukuzwa, na feza ya papa imekwenda.

JIBU LINALORUDI

Ukiona jina lako, usiimbe kwanza. Soma tarehe ya mwisho ya kulipa. Kila mwaka kuna waliokubaliwa ambao hawakuanza, kwa kuwa walifikiri kukubaliwa ni kuingia.

Hapa tunataka kusema na ninyi wazi. Nyumbani kwetu feza ya chuo ni ng'ombe, au mbuzi sita, au shamba la mihogo lililouzwa kabla ya kuvunwa. Papa anauza ng'ombe mmoja, mwaka wa kwanza unalipwa. Na wa pili? Tunaomba kuingia mahali pa kufundishwa kupanga mali, na hatujapanga hata hiyo yetu. Kabla ya kupeleka dosie, kaa na wazazi jioni moja na karatasi: minervali, chumba, chakula, safari, kopi za masomo, mara tatu, kwa sababu miaka ni mitatu. Ukiona haitoshi, ni heri kujua mwezi wa sita kuliko mwezi wa pili, wakati ng'ombe ameshauzwa. Wengine watafanya kazi mwaka mmoja kwanza. Hiyo si aibu.

Tena kwa wazazi wanaosoma gazeti hili: msichana wa kwanza katika kontabilite kalasini mwetu mwaka huu anaambiwa angoje, kaka yake apite kwanza. Kaka yake mwenyewe ni mmoja wetu sisi tunaoandika, naye hakubali.

Ukikosa jina lako, rudi apariteri siku nyingine, si siku ile yenye machozi, uulize kwa heshima: ni asilimia, ni dosie, ni mahojiano, au nafasi zilijaa? Ni mambo manne tofauti. Dosie unaweza kukamilisha. Mahojiano unaweza kujifunza. Nafasi zikijaa, omba mahali pengine kabla mwaka haujaanza. Ndiyo sababu tunashauri kupeleka dosie mahali pawili kama feza inaruhusu. Asilimia ndiyo ngumu, maana Egzeta imekwisha. Hapo angalia vyuo vinavyopokea kuanzia 50, au masomo mengine.

Na usirudi hapa kwa kujificha. Mwaka jana mwenzetu mmoja alikaa wiki mbili kwa shangazi yake huko njiani kwa kuona haya, na mama yake alifikiri amekufa barabarani.

Mazoezi ya mahojiano yataanza Jumatano, saa tisa, nyuma ya kalasi ya la tano. Wawili watakaa mezani kama kamati, mmoja atajibu, kwa Kifaransa. Kila mtu alete hesabu ya biashara moja ya kwao: maharagwe, mkaa, samaki, mafuta, chochote, na namba za kweli. Anayekuja bila namba ataketi kwenye kiti cha kamati na kuuliza maswali tu.

Wasimamizi wa wanafunzi, darasa la sita, Aveba