Weka plaizi chini

Tangu masika yapungue nimepokea barua tisa za sungura, na sita kati ya hizo zinalia kilio kimoja: mnyama anasogelea chakula, ananusa, anachukua jani, analiachia. Kidevu kimeroa mate. Mgongo umebaki mifupa. Msomaji mmoja ameongeza kwa majivuno kwamba tatizo kalimaliza mwenyewe kwa plaizi. Huyo ndiye aliyenifanya niweke kando habari za viwavijeshi nilizokuwa nimeziandaa.

Wengi walioandika hawafugi kwa ajili ya nyama. Wana sungura mmoja au wawili wa watoto, wenye majina, wasiochinjwa hata Krismasi. Ushauri ninaoutoa hapa unamfaa pia mwenye banda la sungura hamsini, ila huyo akiona jino baya anajua pa kumpeleka mnyama wake: jikoni.

Wiki iliyopita nilikwenda Kihonda kumwona mmoja wa sungura hao wa watoto. Anaitwa Pamba, mweupe, kilo mbili hivi, na mwenye mali ni binti wa darasa la tatu. "Shikamoo babu. Atakufa?" ndiyo salamu niliyopewa mlangoni. Mama yake akamshika sungura, mimi nikafunua mdomo kwa kidole gumba. Meno ya mbele ya chini yalikuwa yametoka nje na kupinda juu kama pembe za beberu. Ya juu yamejikunja kuelekea ndani ya kinywa. Jino moja la chini lilikuwa limepasuka kwa urefu, kutoka ncha hadi kwenye ufizi, kama ukuni uliopigwa shoka. Chini ya taya, upande huohuo, palikuwa na uvimbe mgumu kama punje ya karanga. "Baba yake alilikata na mkasi wa kucha," mama akasema. "Dukani walimwambia ndivyo inavyofanyika."

Ndivyo inavyoharibika. Meno ya sungura, yote 28, hayaachi kukua maisha yake yote. Ya mbele hurefuka kama milimita 2 au zaidi kwa wiki, kwa hiyo yasipokutana yakasagana, kwa mwaka yanaweza kuota sentimita 10. Ukilibana jino kwa plaizi au mkasi, halikatiki, linapasuka. Ufa unashuka hadi kwenye mzizi, vijidudu vinaufuata, na baada ya wiki chache una jipu ndani ya mfupa wa taya. Na usaha wa sungura si maji useme utatoboa utoke. Ni mzito kama siagi, umekaa palepale. Ukiona jicho la upande mmoja linatoa machozi kila siku, mara nyingi ni mzizi wa jino la juu unaobana njia ya machozi, wala si vumbi.

Daktari wa mifugo hupunguza jino kwa kijimashine cha kusagia, na meno yaliyopinda hurudiwa kila baada ya wiki 3 hadi 6. Mwenye kuchoka na safari hizo aulize habari ya kuyang'oa ya mbele yote. Ni 6, maana nyuma ya yale mawili makubwa ya juu kuna mengine mawili madogo ambayo hata wafugaji wazoefu hawayajui. Sungura huishi vizuri bila hayo, mradi akatiwe majani vipande vifupi. Magego ni kazi nyingine. Yakiota ncha, ya chini yanachoma ulimi na ya juu yanachoma shavu, na kwa kufunua mdomo tu huoni kitu. Daktari humlaza kwa dawa ndipo achungulie. Sisi wa Morogoro tuna chuo kikuu cha kilimo, SUA, hapa jirani. Wa mbali waanze kwa afisa mifugo wa kata awaelekeze.

Dukani nako kuna balaa la pili. Muuza dawa akisikia neno jipu, mkono unakwenda kwenye amoksilini. Sungura hapewi amoksilini wala ampisilini kwa mdomo! Dawa hizo zinaua vijidudu vyema vya tumboni, anaharisha, na anaweza kufa na jipu lake likiwa bado dogo. Zipo dawa anazozivumilia, lakini anayezijua ni daktari, si mwenye kaunta.

Wakati unatafuta nauli, mnyama asilale na njaa. Sungura aliyepitisha saa 12 bila kula ni mgonjwa mahututi, hata kama amekaa kimya kama kawaida yake; matumbo husimama, na kinyesi kinakuwa vipunje badala ya gololi. Loweka chakula chake cha punje kwenye maji ya vuguvugu, kiponde kiwe uji, mpe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kupitia pembeni mwa mdomo, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Mpime kwa mzani wa jikoni kila wiki. Mzani unasema mapema kuliko jicho.

Vyanzo vya meno mabaya ni viwili. Cha kwanza ni damu. Kuna walanguzi wanaouza "mbegu bora" za New Zealand na California ambazo ni kaka na dada waliopandishana kizazi baada ya kizazi. Jino baya la kurithi huanza kuonekana sungura akiwa na umri wa miezi miwili hivi. Kwa hiyo kabla hujatoa pesa funua mdomo: ya juu yakae mbele kidogo ya yale ya chini. Muuzaji akikuzuia, rudi na pesa zako. Wenye uso mfupi uliobonyea, wanaopendwa na watoto, ndio wenye hatari zaidi.

Cha pili ni sahani. Pumba, mkate na wali havisagwi, vinapondwa tu na kumezwa. Kinachopiga meno msasa ni majani yenye nyuzi, taya likienda kushoto na kulia saa nyingi kwa siku. Sehemu kubwa ya chakula chake, tuseme robo tatu au zaidi, iwe nyasi. Matembele na kishona nguo ni kitoweo tu. Na msimu ndio huu: kata nyasi sasa kabla hazijakomaa na kugeuka fito, zianike siku mbili tatu ukizigeuza, zihifadhi juu ya kichanja penye paa. Zikiota ukungu, tupa. Ukingoja Septemba utalisha pumba, na mwakani utaniandikia barua.

Aliyeuliza kuhusu nyasi zinazokatwa kwa mashine uwanja wa mpira: usimpe, zinachacha haraka. Pamba ameng'olewa meno na jipu limesafishwa, anakula matembele ya kukatwakatwa, na binti amenitumia salamu. Barua za mbuzi wa Dumila wiki ijayo, nafasi imekwisha.