SOMO LA SOKO: Senti Moja Inayokata Mapato kwa Nusu

Mchapishaji mdogo anayeuza kitabu cha kielektroniki kwa Dola 9.99 katika duka la Amazon la Marekani hupata asilimia 70 ya bei hiyo, yaani karibu Dola 6.99 kabla ya makato. Akiongeza senti moja tu bei ikawa Dola 10, mgawo hushuka hadi asilimia 35 na mkononi hubaki Dola 3.50. Ili arudi pale alipokuwa, itambidi auze kwa karibu Dola 20.

Kanuni hiyo ilitangazwa Januari 2010 na kuanza kutumika Juni mwaka huo huo. Asilimia 70 ni kwa bei za kati ya Dola 2.99 na 9.99 tu. Chini au juu ya hapo ni 35. Ndiyo maana riwaya nyingi za wachapishaji wa kujitegemea huuzwa Dola 2.99 au 4.99, na msomaji wa riwaya hana sababu ya kulalamika.

Anayeumia ni mwenye kitabu cha fani maalumu chenye wanunuzi wachache, ambacho bei yake ya haki ingekuwa Dola 14 au 15. Ama aipunguze hadi 9.99, ama aipandishe mno. Msomaji naye hulipa zaidi au hukikosa.

Vitabu vya picha vina mtego mwingine. Kwenye mgawo wa 70, senti 15 huondolewa kwa kila megabaiti ya faili kabla ya kugawana. Kitabu cha mapishi chenye megabaiti 20 kikiuzwa Dola 4.99 hukatwa Dola 3. Asilimia 70 ya kinachobaki ni Dola 1.39. Kwenye mgawo wa 35 makato hayo hayapo, na mwenye kitabu hupata Dola 1.75. Mgawo mdogo, fedha nyingi zaidi! Wengi huona neno "70" wakaacha kupiga hesabu.

Wachapishaji wakubwa hujadiliana mikataba yao wenyewe. Mwaka 2010 watano kati yao walikubaliana na Apple kwamba wao ndio wapange bei, Apple ichukue asilimia 30, na vitabu vingi vipya vikapanda kutoka Dola 9.99 hadi 12.99 na 14.99. Serikali ya Marekani iliwashtaki mwaka 2012. Mwaka 2016, Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilipokataa kusikiliza rufaa ya Apple, kampuni hiyo ililazimika kulipa Dola milioni 450, ambazo milioni 400 kati yake zilikuwa za wanunuzi. Kanuni ya 9.99 kwa wadogo haikuguswa.

Anayetaka kuweka mtaji katika biashara hii aangalie pia wanunuzi wako wapi: asilimia 70 hutolewa kwa mauzo ya nchi zilizoorodheshwa na Amazon tu. Kwingineko ni 35, hata bei ikiwa Dola 4.99.