Wezi wa Bustani ya Uani: Bibi Shamba Anajibu

Msimu huu barua nyingi kutoka Dar es Salaam zinalalamikia jambo moja: tunapanda, wanyama wanavuna.

Shikamoo bibi shamba. Kila asubuhi nakuta miche ya nyanya imekatwa. Ni nani huyu?

Marahaba. Kagua kwanza, ndipo umtaje mwizi. Shina likikatwa kwa mshazari, na kuna shimo karibu na ukuta au shimo la choo, shuku panya, pengine panya buku, anayeweza kufika kilo moja na zaidi. Ukiona ute uliokauka unang'aa juu ya udongo, ni konokono. Mfuate usiku kwa tochi, muokote kwa glavu, wala usimwagie chumvi kwenye tuta, maana utaharibu udongo. Na mche ukilala pembeni bila kuliwa, chimbua hapo chini kwa kidole. Mara nyingi utamkuta kiwavi aitwaye sota amejikunja, na panya umemsingizia bure.

Niwawekee panya sumu?

Mimi siishauri. Sumu nyingi za panya haziui papo hapo. Panya huzurura siku kadhaa akiwa dhaifu, paka au bundi akamla, naye akadhurika. Bundi huyo huyo tunayemfukuza kwa kumwita mchawi ndiye mlinzi wako wa zamu ya usiku, tena halipwi.

Tumia waya wenye matundu madogo yasiyopitisha ncha ya kidole. Uzike sentimita 30, na ukingo wa chini uukunje kuelekea nje, ili panya akichimba akutane nao. Vitunguu saumu na vidonge vya nondo nimeona watu wakivitegemea sana. Kumbuka kule Morogoro panya buku hufunzwa kunusa mabomu ya ardhini. Harufu moja kali haitamzuia kuifikia nyanya. Funga pipa la taka na ufyeke vichaka vya pembeni, maana huko ndiko anakolala na kula.

Sisi huku karibu na Chuo Kikuu, Mlimani, tunasumbuliwa na tumbili. Tumeinua ukuta, wapi!

Ukuta kwa tumbili ni ngazi. Tuta linahitaji kufunikwa mpaka juu, kwa fremu ya mbao na waya, na mlango wenye komeo. Kama huna uwezo wa kufunika lote, funika nyanya na mahindi. Pilipili kali na vitunguu mara nyingi huviacha. Nyanya ichume inapoanza kubadilika rangi, iivie ndani. Na jirani anayewarushia ndizi azungumzwe naye, kwa heshima lakini bila kuzungukazunguka.

Na kunguru?

Hawa wa India waliletwa Zanzibar miaka ya 1890, sasa wametapakaa pwani yote. Sanamu watalizoea baada ya siku chache. Tandika neti juu ya miche, ivute ikaze ili ndege wasinase.

Naruhusiwa kumuua tumbili shambani kwangu?

Usijichukulie hatua. Wanyamapori wanalindwa na sheria ya mwaka 2009. Mwone afisa wanyamapori wa halmashauri yako. Wala usijaribu kumkamata kwa mikono. Akikuuma au kukukwaruza, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa.