Mlima wa Ng'ombe

Yapata miaka 2,300 iliyopita, mwalimu Mencius wa Uchina alitoa mfano wa Mlima wa Ng'ombe. Mlima huo ulikuwa na miti mizuri, lakini kwa kuwa ulikuwa karibu na mji mkubwa, watu waliikata. Visiki vikachipua kwa umande na mvua. Wakaja ng'ombe na mbuzi, wakayala machipukizi. Mlima ukawa kipara, na wapitao wakadhani ndivyo ulivyoumbwa. Moyo wa mtu mwovu nao, alisema Mencius, hudhaniwa vivyo hivyo.

Mfano huu waeleweka upesi hapa Nyakitonto, maana nchi ya Kasulu ni ya miyombo. Kisiki cha myombo kikiachwa huchipua tena. Kinachokiua ni moto wa kila kiangazi, mifugo na jembe. Wako wasemao kuwa misitu yetu ilimalizwa na wakimbizi wa kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996. Kweli walikata kuni, maana chakula hakipikwi kwa maneno. Lakini sisi wenyeji tulichoma mkaa na kufyeka mashamba pia, na hilo hatulitaji sana.

Mencius hakukataza shoka. Alimwambia Mfalme Hui wa Liang kuwa likiingia msituni kwa majira yake tu, mbao hazitakwisha.